Mtoto wa Tandahimba, chuo Dar: kulipia chuo kikuu cha umma mkopo ukitoka nusu

Vyuo vikuu vya umma Tanzania havina ada ya mkoa. Aliyetoka Newala na aliyezaliwa Sinza wakikaa benchi moja pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanalipa ada ileile. Wa Newala anaongezewa na mambo mengine: nauli, kodi ya chumba, chakula cha kununua kila siku, na mji usio na shangazi wa kumwendea mfuko ukikauka. Hayo hayamo kwenye barua ya udahili, na ndiyo yanayowarudisha vijana nyumbani.

Kuna jingine linalowachanganya wazazi wa sasa. Tangu 2016 shule za serikali ni bila ada hadi kidato cha nne, na 2022 kidato cha tano na cha sita navyo vikaingizwa. Kaya nyingi za Mtwara na Lindi zimesomesha miaka kumi na mitatu kwa michango na sare, kisha zinakutana na bili ya chuo kwa mara ya kwanza ndani ya wiki mbili za Oktoba. Mwongozo huu ni wa kaya hizo: za wakulima wa korosho na ufuta, wavuvi na wafanyabiashara wadogo, zenye kijana aliyepata chuo mbali na mkopo usiotosha.

Karatasi mbili za hesabu

Chukua karatasi mbili. Ya kwanza iandike hesabu ya mwaka mzima, ya pili iandike siku thelathini za mwanzo. Wazazi wengi huandika ya kwanza tu, kumbe ya pili ndiyo inayoamua kama kijana atasajiliwa.

Tuchukue mfano wa kijana wa Tandahimba aliyepata chuo Dar es Salaam na kukosa bweni. Ada za kozi nyingi za vyuo vya umma huzunguka kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, na udaktari huzidi hapo. Bei za mtaani hapa chini ni za kukadiria, weka za kwako.

Ada: sh 1,200,000.
Michango ya chuo (usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, sh 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, bima ya afya ambayo kwa muda mrefu imekuwa sh 50,400): tuseme sh 150,000.
Chumba, sh 60,000 kwa miezi kumi: sh 600,000. Dalali, kodi ya mwezi mmoja: sh 60,000.
Chakula, sh 5,000 kwa siku kwa siku 238 (mihula miwili ya wiki 17): sh 1,190,000.
Daladala, bando na kutoa kopi, sh 2,000 kwa siku: sh 476,000.
Nauli, kwenda na kurudi mara mbili: sh 160,000.
Godoro, ndoo, jiko, shuka na vyombo: sh 200,000.

Jumla ni sh 4,036,000, na hapo kompyuta mpakato haimo.

Sasa weka mkopo. Tuseme Bodi ya Mikopo imempa fedha ya chakula na malazi yote, sh 10,000 kwa siku, yaani sh 2,380,000, ile wanafunzi wanayoiita boom. Imempa sh 200,000 ya vitabu na viandikwa, na asilimia 30 ya ada, sh 360,000. Jumla ni sh 2,940,000, na pengo la mwaka ni sh 1,096,000. Mzazi mwenye mikorosho mia anaangalia namba hiyo anasema, hii naiweza.

Geuza karatasi ya pili. Ada inayobaki kwa mzazi ni sh 840,000, na vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kujisajili akilipa nusu, yaani sh 420,000. Michango ya chuo hailipwi nusu, ni sh 150,000 yote. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, sh 360,000, na dalali sh 60,000 yake. Nauli ya kwenda ni sh 40,000 na vitu vya ndani sh 200,000. Boom ya kwanza haitoki mpaka mwanafunzi awe amesajiliwa na kusaini, kwa hiyo weka chakula na matumizi ya wiki nne, sh 196,000. Jumla ni sh 1,426,000.

Siku thelathini za kwanza zinataka fedha nyingi kuliko pengo la mwaka mzima. Fedha hiyo inatakiwa chuo kinapofungua, Oktoba au Novemba, na wakati huo korosho ya kwetu ama iko juu ya mti, ama ghalani inasubiri mnada. Yote yanayofuata yanazunguka jambo hili.

Nyaraka zianze Januari

Dirisha la maombi ya mkopo hufunguliwa mwezi Juni na kufungwa karibu na mwisho wa Agosti. Wakati mwingine huongezwa siku chache, lakini usijenge nyumba juu ya nyongeza hiyo. Kijana wa kidato cha sita anamaliza mtihani Mei, anaitwa JKT kwa mujibu wa sheria kuanzia Juni, na matokeo yanatoka Julai akiwa kambini. Kambini hakuna nafasi ya kumfukuzia hakimu wala mtendaji wa kijiji. Nyaraka zote ziwe kwenye bahasha kabla hajapanda gari la kambi.

Kinachochelewesha kuliko vyote ni cheti cha kuzaliwa. Bodi haipokei cheti kilicho mkononi tu. Kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, ndipo upate namba ya uhakiki ya kujaza kwenye fomu ya mkopo. Asiye na cheti kabisa anaanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa maombi ya waliochelewa kusajiliwa. Mzazi aliyefariki naye anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa, na hapa ndipo familia nyingi za vijijini zinakwama: marehemu alizikwa miaka mingi iliyopita, kibali cha mazishi hakipo, na hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Yatima asiye na cheti cha kifo, kwa mfumo, ni mtoto mwenye wazazi wawili hai, na mkopo wake utapangwa hivyo. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji apate barua, kisha aende wilayani. Kazi hii inaweza kula miezi.

Majina ndiyo shimo la pili. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, cha kidato cha nne kinasema Said. Cha kuzaliwa kina majina mawili, cha shule kina matatu. Baba ni Hamisi kwenye kitambulisho cha taifa na Khamis kwenye cheti cha mtoto. Mtu anaona ni jambo dogo, mfumo unaona watu wawili. Pitia nyaraka zote herufi kwa herufi mapema, na palipotofautiana tafuta kiapo au hati ya kubadili jina kwa wakili.

Namba ya mtihani ya kidato cha nne ndiyo jina halisi la mwombaji kwa Bodi. Aliyefanya mtihani huo mara mbili ana namba mbili. Atumie ileile kuombea chuo na kuombea mkopo. Akichanganya, chuo kinamjua kwa namba moja na Bodi kwa nyingine, na jina lake halitaonekana kwenye orodha ya waliodahiliwa.

Kilichobaki si kigumu. Mdhamini mwenye kitambulisho na picha ndogo. Namba ya kaya kama mko kwenye mpango wa TASAF wa kaya maskini, na usiiache kwa aibu, kwani ni ushahidi wenye uzito. Fomu ya ulemavu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya kwa anayehusika, yeye au mzazi wake. Barua ya mfadhili kwa aliyesomeshwa sekondari na taasisi. Akaunti ya benki yenye jina la mwanafunzi mwenyewe, si ya mama wala ya kaka. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, maana ujumbe wenye namba za siri utatumwa humo miaka yote ya masomo.

Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa Bodi uitwao OLAMS, na ada yake ni sh 30,000 inayolipwa kwa namba ya malipo, ile inayoitwa kontroo namba. Ukijaza unapakua fomu, unaichapa, inasainiwa na kugongwa muhuri na serikali ya mtaa au kijiji, inapelekwa kwa wakili au hakimu, kisha inarudishwa mtandaoni ikiwa imeskaniwa. Watu wa steshenari za mjini Mtwara na Lindi wameizoea kazi hii, lakini wanajaza fomu arobaini kwa siku. Kaa pembeni yao. Soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza kutuma, hasa sehemu ya kazi ya mzazi: tumeona mkulima akiandikwa mfanyabiashara kwa sababu tu ndilo lililochaguliwa kwa mwombaji aliyetangulia. Na nywila aiandike mwanafunzi kwenye daftari lake, isibaki steshenari.

Anayekupigia akisema yuko ndani ya Bodi na kwa laki moja ataongeza asilimia, huyo ni tapeli. Hakuna malipo halali yanayokwenda kwenye simu ya mtu.

Mkopo ukitoka

Majina hutoka kwa awamu. Kukosekana awamu ya kwanza si kukosa, ingawa mtaani watakwambia hivyo. Matokeo yanaonekana kwenye akaunti ya kudumu ya mwanafunzi, SIPA, na hapo usiangalie jumla tu. Angalia vipengele: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada, mafunzo kwa vitendo, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti. Ada inakwenda chuoni moja kwa moja, kijana haishiki. Mafunzo kwa vitendo yanalipwa wakati wa mafunzo. Kwa hiyo mtu anayejivunia mkopo wa milioni tatu anaweza kuwa na sh 0 ya kulipia nusu ya ada siku ya usajili.

Aliyechaguliwa vyuo viwili au zaidi lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa na mfumo wa udahili, ndani ya siku zilizotangazwa na TCU. Asipothibitisha, nafasi inapotea na mkopo hauna pa kwenda. Wapo waliopoteza vyote kwa sababu laini ya simu iliyojazwa ilikuwa ya mjomba aliyekuwa baharini.

Mkopo ukiwa mdogo kuliko hali ya nyumbani, subiri dirisha la rufaa. Hufunguliwa baada ya upangaji, kwa muda mfupi, na kupitia akaunti hiyohiyo. Barua ndefu ya huzuni haisaidii. Kinachosaidia ni nyaraka ambayo haikuwepo mwanzo: cheti cha kifo kilichochelewa RITA, fomu ya daktari, namba ya TASAF. Kama huna kipya cha kuonyesha, kata rufaa hata hivyo, lakini panga bajeti kana kwamba jibu ni hapana.

Kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita na kuchagua sayansi, uhandisi, teknolojia au tiba, upo Ufadhili wa Samia ulioanza 2022/23. Wenye sifa hutokana na matokeo ya taifa, na ukipata huo maneno yote haya hayakuhusu.

Shamba linalipa lini, chuo kinadai lini

Ufuta unauzwa minadani kuanzia mwisho wa Mei au Juni hadi Julai, Agosti. Mbaazi zinafuata Agosti hadi Oktoba. Minada ya korosho huanza Oktoba, na fedha haziingii siku ya mnada: mnunuzi analipa chama kikuu cha ushirika, chama kikuu kinalipa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, AMCOS inaingiza kwenye akaunti ya mkulima baada ya makato. Aliyepeleka mzigo mapema anaweza kuona fedha kabla ya mwisho wa Oktoba. Mwenye mikorosho inayochelewa ataiona Desemba.

Kwa hiyo bili ya mwezi wa kwanza isitegemee korosho hata kidogo. Ilipwe na ufuta na mbaazi. Fedha ya ufuta ikiingia Julai, igawe siku hiyohiyo: ile ya usajili na chumba iwekwe mahali ambapo mkono hauifikii kirahisi, na inayobaki ndiyo ya nyumba. Kuiacha kwenye simu ni kuialika msimu wa harusi na ngoma, maana Agosti na Septemba hakuna anayekosa mchango wa kudaiwa. Akaunti ya pili benki isiyo na kadi inatosha. Mwingine anaweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako fedha hutoka baada ya siku chache za kazi, na siku hizo chache zinasaidia kumtuliza mtu. Korosho sasa inabaki kulipia nusu ya pili ya ada, nauli ya likizo na kodi ya miezi mingine, na haya hudaiwa Februari hadi Aprili.

Mwenye korosho tu, bila ufuta wala mbaazi, ndiye yuko pabaya, na ndiye windo la kangomba, yaani wanunuzi wa korosho nje ya mnada. Septemba mtu anakuja na fedha mkononi, anakupa leo ulipe korosho kesho, kwa kipimo na bei yake. Mbali na kuwa ni kinyume cha sheria, piga hesabu. Nusu ya ada ni sh 420,000. Tuseme mnadani, baada ya makato, kilo inakuachia sh 2,500: unahitaji kilo 168. Mtu wa kangomba akikupa sh 1,500, unatoa kilo 280. Kilo 112 zimekwenda, zaidi ya gunia zima, kwa sababu ya wiki sita za kukosa subira au kukosa mpango. Msimu wa 2024/25 bei ya minada ya mwanzo ilivuka sh 4,000 kwa kilo, na aliyekuwa ameshauza kangomba alisikia tu redioni.

Badala ya kangomba kuna njia tatu, na zote hupangwa mwaka mmoja kabla. Ya kwanza ni kikoba. Vikundi vingi huvunja mzunguko Desemba kwa ajili ya sikukuu. Kama mna watoto kidato cha sita, anzisheni au badilisheni kikundi kivunje mwanzoni mwa Oktoba. Sh 15,000 kwa wiki kwa wiki 50 ni sh 750,000, zaidi ya nusu ya ile bili, bila kuhesabu faida ya mikopo ya ndani. Ya pili ni SACCOS kama wewe ni mwanachama wa muda mrefu: kopa Septemba kwa marejesho yanayoanza Desemba, na uliza riba kwa shilingi, si kwa asilimia, ili usikie uzito wake. Ya tatu ni kuuza kitu kisichozaa, kiwanja cha pembeni au pikipiki iliyolala. Mkorosho usiuze wala kuweka rehani. Mti huo ndio utakaolipa mwaka wa pili na wa tatu.

Ile asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu ni mikopo ya biashara. Anayeichukua kulipia ada hukwama kwenye marejesho na kuwaponza wenzake.

Na msimu unaweza kugoma. 2018/19 wanunuzi walikataa kupandisha bei, serikali ikainunua korosho yenyewe kwa sh 3,300, kukawa na uhakiki, na wapo wakulima waliosubiri fedha miezi kadhaa. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini mtoto alikuwa anadaiwa chuoni. Kwa hiyo hata nusu ya pili ya ada iwe na mlango wa dharura: mbuzi wanne au akiba ya kikoba.

Kwa wavuvi wa Kilwa, Mikindani na Msimbati hali ni tofauti. Fedha ni ya kila siku, na kusi ikivuma bahari inachafuka, mapato yanapungua hadi kaskazi irudi. Weka kiasi maalumu kila siku unayotoka, sh 3,000 au 5,000, kuanzia kaskazi ya mwaka mmoja kabla. Kusubiri Septemba ujaze pengo kwa mkupuo haiwezekani.

Kufika

Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, Lindi ni kama 450. Mabasi ya kusini mengi hushushia Mbagala au Temeke, upande wa pili wa jiji kutoka Mlimani na kutoka stendi ya Magufuli ya Mbezi Luis. Anayeendelea Morogoro au Dodoma anaweza kuchukua treni ya SGR: daraja la kawaida Dar–Morogoro lilianza kwa sh 13,000, Dar–Dodoma kwa sh 31,000. Apange kulala Dar usiku mmoja, na kitanda kijulikane kabla. Kuunganisha siku ileile ni bahati nasibu, na teksi ya kukimbizana na treni inakula nauli yote.

Asiondoke siku moja kabla ya usajili kufungwa. Barabara ya Kilwa inajulikana. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata maeneo ya Somanga na kusini ikabaki peke yake kwa siku kadhaa. Oktoba na Novemba mvua ni ndogo, lakini siku mbili za ziada ni nafuu kuliko faini ya kuchelewa kujisajili. Vyeti halisi vibebwe kwenye begi la mapajani, kamwe visiwekwe kwenye buti la basi.

Bweni aombe siku ileile mfumo wa chuo unapofunguliwa. Bweni la chuo cha umma ni rahisi mno kuliko chumba cha mtaani, na linafuta ile kodi ya miezi sita ambayo ndiyo inayovimbisha mwezi wa kwanza. Hostel za Magufuli pale Mlimani, zilizofunguliwa 2017, zina nafasi 3,840, na waombaji ni wengi kuliko hapo. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kina mabweni mengi. Kama kozi ni ileile na mkopo ni uleule, sisi tungechagua chuo chenye uhakika wa bweni, hata kama jina lake halina mbwembwe.

Akikosa bweni, asikubali chumba kwa picha za simu. Alale kwa mwenyeji au agawane chumba na mwenzake wiki ya kwanza, atembee kwa miguu kutoka chuoni hadi geto analoonyeshwa, aulize umeme unalipwaje na maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Wawili kwenye chumba cha sh 60,000 wanalipa sh 180,000 kila mmoja kwa miezi sita badala ya sh 360,000. Mkataba uandikwe, majina yote mawili. Mwenye nyumba asiyetaka kuandika atasema mwezi wa nne kwamba kodi imepanda.

Boom si mshahara

Boom huja kwa mafungu manne kwa mwaka, kila fungu la siku karibu 60, yaani kama sh 600,000 kwa anayepata yote. Mwanafunzi anasaini kwa mfumo wa kielektroniki baada ya kusajiliwa. Asiyesaini kwa wakati fedha yake hurudishwa Bodi, na kuifuatilia ni safari nyingine ya dawati la mikopo. Kosa la mwaka wa kwanza linajulikana kila chuo: fungu la kwanza linanunua simu na viatu, wiki ya tano mtu anaishi kwa mkate na maji, wiki ya sita anakopa kwenye simu kwa riba ya kunyonga.

Siku fedha inapoingia, atoe kwanza kodi ya miezi miwili, sh 120,000, aiweke kando kwa ajili ya malipo yajayo ya mwenye nyumba. Inabaki sh 480,000, ambayo ni sh 8,000 kwa siku 60. Akila kwa sh 5,000 na kutumia sh 2,000, anabaki na sh 1,000 kwa siku, na hiyo sh 60,000 kwa fungu ndiyo nauli ya likizo. Kupika pamoja watu watatu kunashusha chakula chini ya hapo, na unga, dagaa na korosho za kubangua kutoka nyumbani si aibu. Mzazi asipeleke fedha kila anapopigiwa simu. Kubaliana tarehe moja ya mwezi na kiasi kimoja, hata kama ni sh 20,000.

Kufeli kuna bei. Sapu, yaani mtihani wa marudio, inaweza kumrudisha chuoni wakati wa likizo, kwa nauli na chakula visivyomo kwenye boom. Kurudia mwaka kwa kufeli husimamisha mkopo wa mwaka huo, na hapo pengo la milioni moja linakuwa milioni nne. Akiumwa au kufiwa na kushindwa kuendelea, aahirishe masomo kwa barua, apate jibu la chuo kwa maandishi, na dawati la mikopo lijulishwe. Wanaoondoka kimyakimya huonekana wameacha chuo.

Mkopo ukitoka sifuri

Sehemu hii inasomwa kwa hasira, lakini isomwe. Mwaka wa kwanza wote bila mkopo, kwa mfano wetu, ni zaidi ya milioni nne, na anayemaliza miaka mitatu anakaribia milioni kumi na mbili. Kwa kaya ya ekari nne za mikorosho huo ni mzigo wa kuuza shamba, nasi hatushauri.

Angalia karibu. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ni ya umma na ina kampasi Mtwara. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, na mtu anasoma huku akifanya kazi. Stella Maris, StemmuCo, ni cha kanisa, si cha umma, lakini mtoto wa Mtwara mjini anayelala kwao anafuta chumba, chakula cha mgahawani na nauli ya Dar, na kwenye karatasi yetu hiyo ni zaidi ya milioni moja na nusu. Linganisha jumla ya mwaka, usilinganishe ada peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinajenga kampasi Lindi, kwa hiyo wenye watoto wadogo wafuatilie itatoa kozi gani.

Aliyeamua kwenda mbali hivyohivyo aanze mwaka wa kwanza kwa fedha ya kaya na kuomba mkopo tena. Mwanafunzi anayeendelea asiye na mkopo anaweza kuomba kama amefaulu kuingia mwaka unaofuata. Dirisha ni lile la Juni hadi Agosti, na fomu inajazwa upya, kwa hiyo ile bahasha ya nyaraka isitupwe. Sifa za msingi ziangaliwe: awe Mtanzania, asizidi miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano.

Deni lenyewe

Marejesho huanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikivimbisha madeni ya watu, ilifutwa 2021 pamoja na faini ya asilimia 10 ya kuchelewa. Aliyejiajiri anatakiwa ajipeleke mwenyewe kulipa, na wengi hawafanyi hivyo mpaka siku wanapoajiriwa na kukuta deni linawasubiri. Kila mwaka mwanafunzi apakue taarifa ya mkopo wake kutoka SIPA na kuihifadhi, iwe na kiasi alichopangiwa na alichosaini. Kama kuna fungu lililorudishwa Bodi kwa kutosainiwa, hakikisha limeondolewa kwenye deni. Hilo ni rahisi kulirekebisha akiwa bado chuoni, dawati la mikopo likiwa hatua mia mbili kutoka darasani, kuliko miaka mitano baadaye akiwa Nachingwea.